Mwalimu Aliyetufanya Mashine

Sijui alizaliwa wapi hasa, wala ni wa ngapi kwao, na sitauliza. Watu wa Uriri husema ni mtu wao, watu wa Homa Bay nao husema ni wao, na yeye akiusikia ubishi huo hucheka kidogo na kuulizia habari za mvua. Ninaandika niliyoyaona mimi mwenyewe, kwa sababu juzi nimekutana naye kwenye gati la Homa Bay na tangu hapo maneno yamenijaa. Kuyasema siwezi. Mbele za watu ulimi wangu huwa kama umefungwa kamba. Nikiandika, angalau hakuna anayenitazama mdomo.

Shuleni tulimwita Mwalimu wa Hesabu, na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Kuna jambo lazima lieleweke kwanza, maana bila hilo mambo yake yataonekana ni ya mtu aliyechanganyikiwa, na wako waliomwita hivyo. Alisoma Ulaya, katika nchi moja ya kaskazini ambako, alituambia, maziwa huganda mpaka watu wakapita juu yake kwa miguu. Ouma, yule mvulana wa darasa letu asiyeweza kunyamaza, alimwuliza, "Na samaki, Mwalimu?" Akajibu, "Wako chini, wanangoja." Huko alijifunza kuiandikia maagizo mashine ya kuhesabu, kompyuta, kubwa kama darasa. Aliyaandika kwa lugha mpya kabisa, ambayo wenyewe walioitunga walikuwa bado wanaibishania. Halafu akarudi nyumbani, Uhuru ukiwa bado mchanga na shule zikililia walimu, akapewa chaki.

Mashine kama hiyo haiko huku Migori, shule yetu iliko. Iko Nairobi, na wenye nayo waliahidi kumwita mwaka huu aende na maagizo aliyoyaandika mwenyewe, ya kazi ya kweli, wayaone. Yakiwafaa, atafanya kazi na mashine. Yasipowafaa, atabaki na sisi na chaki, na yale aliyoyajua yatamtoka polepole. Hilo la mwisho ndilo lililomtisha. "Naamka asubuhi, najaribu kukumbuka," alituambia siku moja akiwa amesimama dirishani, "naona kuna kitu kimeondoka usiku."

Mimi nilitaka afaulu, na nilitaka ashindwe abaki. Vyote viwili, siku ile ile. Sikumwambia mtu.

Alikuwa mrefu, na alivaa koti zito la huko alikotoka, hata jua la Januari likiwaka. Begani alibeba kitambaa kibichi kama mama mwenye mtoto mchanga. Kitambaa hicho kilitutesa. Alikuwa akimaliza tu kueleza hesabu anageuka na kufuta ubao wote, na sisi tuko katikati ya kunakili.

"Mwalimu, bado!" tulilia.

"Bado nini? Kazi imekwisha."

"Hatujaandika!"

"Basi mlikuwa mnaandika badala ya kufikiri. Haya, tuanze tena." Na alianza tena kweli, kwa namba nyingine, bila kukasirika. Nadhani hakuwahi kuona kuwa sisi ndio tuliochoka.

Nyumba yake ilikuwa hivyo hivyo, kama ubao uliofutwa. Siku moja Boke na mimi tulitumwa kumpelekea madaftari. Boke ni rafiki yangu, anatoka upande wa Kuria karibu na mpaka, na yeye anasema kwa ajili yetu sote wawili. Tulikuta kiti kimoja, sahani moja, kikombe kimoja, kitanda. Ukutani hapana picha, hapana kalenda.

Tulipotoka Boke akaniuliza, "Huyu anahama ama ndio anahamia?"

Walimu wengine walisema ni bahili. Lakini mifuko ya koti lake ilijaa nyuzi. Nyuzi za magunia, nyuzi za viatu, kamba za katani, vipande virefu na vifupi. Mtu asiyeweka kitu nyumbani hakuweza kupita kipande cha uzi njiani bila kukiokota. Nilikuja kujua sababu baadaye.

Darasani alifundisha kwa Kiingereza kama wengine, lakini Jumamosi, tulipobaki na yeye uwanjani kwa kazi yake nitakayoieleza, alitumia Kiswahili. Sisi Wajaluo tulikuwa wengi, Wakuria walikuwa wachache, na hakutaka mmoja ajione amealikwa kwa mwenzake. "Kiswahili tunakosea wote sawasawa," alisema. "Hakuna mwenye nyumba." Ouma akimwita *japuonj*, yaani mwalimu kwa Kijaluo, hakuitika mpaka aseme Mwalimu. Sisi wasichana alituita kwa tulikotoka. Mimi nilikuwa *nyar* Kendu, binti wa Kendu, kwa sababu nyumbani ni Kendu Bay, na Boke, ingawa si Mjaluo, alikuwa nyar Isibania, na alikubali.

Kazi aliyoichagua kuwapelekea watu wa Nairobi ilikuwa gati la Homa Bay. Likizo nzima alikaa pale juani akitazama mitumbwi ikifika na samaki, ikipanga foleni kwenye mizani, halafu samaki wakipakiwa kwenye malori ya barafu yaendayo Kisumu. Mizani ilikuwa moja. Foleni ikirefuka, samaki wa nyuma huharibika, na wanawake wanaouza wanabaki wakigombana na nzi. Mama yangu ni mmoja wao, kwa hiyo najua. Mwalimu alitaka mashine ijibu: ikiwekwa mizani ya pili, foleni itapungua kiasi gani? Au tatizo ni malori? Maagizo yake yalikuwa ni kulijenga gati lote ndani ya mashine, mtumbwi kwa mtumbwi, na kuliacha liende lenyewe siku nzima ya kuigiza.

Aliyaandika. Lakini maagizo bila mashine ni kama kupika bila kuonja. Hivyo akatuchukua sisi, akatufanya mashine.

Ilikuwa hivi. Mambo yote ya kukumbukwa yalikuwa na sehemu tatu za kukaa, na kila sehemu na maisha yake. Sehemu ya kwanza ni ubao, alioutoa nje akauegemeza ukutani. Hapo iliandikwa saa ya gati, ambayo kila mmoja wetu alipaswa kuiona. Kilichoandikwa ubaoni kiliishi tangu mchezo unaanza hadi unakwisha, na kilikuwa cha wote. Sehemu ya pili ni kopo. Kila mwanafunzi aliyekuwa mtumbwi alivaa kopo shingoni, na ndani yake viliwekwa vikaratasi vya mambo yake mwenyewe: jina la mtumbwi, saa aliyofika. Kopo liliishi kadiri mtumbwi ulivyoishi. Sehemu ya tatu ni sleti, kile kibao kidogo cha kuandikia na kufuta. Aliyefanya kazi fulani, kwa mfano kupima, alichukua sleti safi kazi inapoanza, akaandika aliyoyahitaji kwa kazi hiyo tu, na kazi ilipokwisha alifuta kwa kitambaa kibichi. Mtumbwi mwingine ukija, sleti safi tena.

"Kabla hujaandika kitu," alisema mara nyingi mpaka tukamwigiza, "jiulize kwanza kitahitajika mpaka lini. Halafu ndipo uchague pa kukiweka."

Makopo aliyatoa jikoni. Mpishi wetu, mama mmoja wa makamo ambaye hata mwalimu mkuu alimwogopa, alikuwa akiyatunza kwa ajili ya chumvi na maharagwe.

"Mwalimu, makopo yangu yameenda wapi?"

"Yamekuwa mitumbwi, mama."

"Mitumbwi! Na chumvi niweke kwenye koti lako?"

"Jumatatu yatarudi."

"Yatarudi na kamba shingoni kama mbuzi," alisema mpishi, lakini aliyasugua mwenyewe yasitukate.

Huyu mama ndiye aliyemkomesha siku moja. Nyumba yake iko ng'ambo ya ua wa shule, nyumba ya nyasi ya kizamani, na juu kabisa ya paa umesimama ule mti tunaouita *osuri*. Mwalimu alikuwa anatafuta mfano. Akanyoosha kidole. "Mnaona ule mti paani? Umewekwa siku nyumba ilipokamilika. Utakaa pale maadamu mwenye nyumba yu hai. Akifa, unatolewa. Hauna siku zake wenyewe, siku zake ni za mwenye nyumba. Na vikaratasi vilivyo ndani ya kopo ni hivyo hivyo, vinakufa na mtumbwi wao."

Mpishi alikuwa nyuma yetu na ndoo.

"Japuonj," alisema kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza Mwalimu aliitika jina hilo. "Ile ni nyumba ya mume wangu. Yuko ndani, amelala, ana homa. Wewe unamhesabia siku mbele ya watoto?"

Jioni Mwalimu alienda kwa mzee huyo na sukari, akakaa naye mpaka chakula. Mfano ule hakuurudia, na mzee akapona homa. Lakini nilijifunza kitu juu yake. Alijua sana kitu kinakaa wapi na kwa muda gani, ila mara nyingi hakuona mtu aliyesimama nyuma yake.

Ouma alituharibia Jumamosi ya kwanza. Alikuwa kwenye mizani, na akaona uvivu kuchukua sleti, akaandika uzito wa samaki ubaoni. Mtumbwi wa kwanza ratili themanini. Wa pili ulipofika akafuta, akaandika mia na kumi pale pale. Halafu mitumbwi yote iliyoulizwa uzito ikatazama ubao, na yote ikasema mia na kumi, hata kamtumbwi ka mvulana mdogo wa kidato cha kwanza.

"Homa Bay leo imebarikiwa," alisema Mwalimu. "Wavuvi wote wamepata sawa."

"Si nimeandika, Mwalimu?"

"Umeandika. Lakini umekiweka cha mmoja mahali pa wote. Anayekuja mwisho anawafuta wenzake, na hata hajui."

Boke alicheka mpaka kopo lake likamwaga vikaratasi.

Mimi sikuwa mtumbwi. Mimi nilikuwa mfagiaji, kazi niliyoipenda kwa sababu mfagiaji hasemi. Hapa ndipo nyuzi zilipoingia. Mtumbwi uliotambuliwa na mtu ulifungwa uzi, na aliyeutambua akashika ncha ya pili: mwenye foleni alishika nyuzi za waliokuwa kwenye foleni, mpimaji alishika uzi wa aliyekuwa mizanini. Mtumbwi ulipomaliza kazi yake, wote waliachia nyuzi zake. Kazi yangu ilikuwa kupita kila baada ya muda nitafute mitumbwi isiyoshikwa, nitoe vikaratasi, nirudishe kopo kwenye lundo litumike tena. Makopo hayakuwa mengi.

Mara ya kwanza nilimkuta Ouma mwenyewe, safari hiyo akiwa mtumbwi, amesimama pembeni na uzi wake uko chini. Nikanyoosha mkono kuchukua kopo.

"Wee! Mimi bado!"

Nikaonyesha uzi.

"Lakini niko hapa, si unaniona? Mwalimu! Nyar Kendu anataka kuniua!"

"Nani amekushika?" Mwalimu aliuliza kutoka ubaoni.

Ouma akatazama huku na huku. Akavua kopo.

Siku nyingine Boke na msichana mmoja walikuwa wameachiwa na wote, lakini wao kwa wao walikuwa bado wameshikana nyuzi, huyu amemshika huyu. Niliwapita. Kwa hesabu yangu walikuwa wameshikwa. Baadaye Mwalimu akaniita kando, na hakunisema mbele za watu, namshukuru kwa hilo. "Usianzie kwao," alisema. "Anzia kwa wanaofanya kazi sasa, ubaoni, mizanini, kwenye foleni. Fuata nyuzi kutoka huko. Utakaofika kwao, waache. Usiofika kwao, hata kama wameshikana wenyewe, gati halitawahitaji tena." Nilirudi nikawavua makopo. Boke alijifanya analia. Mimi usiku ule niliwafikiria bibi na babu yangu, waliobaki wawili tu nyumbani, na sikupenda kazi yangu kwa muda. Nadhani Mwalimu hakuwa na maana hiyo. Yeye alikuwa na shida ya makopo.

Jumamosi zilipita na mashine yetu ikawa hodari. Mwalimu alikuwa amepiga hesabu zote peke yake kwa kalamu, na sisi tulipomaliza kuigiza siku ya gati majibu yetu na yake yalilingana. Samaki wa lori la kwanza, sawa. Saa ya foleni ndefu kuliko zote, sawa. Alitembea akisugua mikono. Barua ya Nairobi ilikuja: aende wiki inayofuata. Alituambia tuigize mara ya mwisho, kwa kujifurahisha tu, mpishi aone makopo yake yamefanya nini.

Mpishi alikuja, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Tulikuwa tumefika katikati. Boke alikuwa mtumbwi, amekwisha kupimwa, sleti imefutwa, anangoja lori. Mara mvulana akaja mbio kutoka langoni: "Boke! Mjomba wako amefika na lori la tumbaku, hawezi kungoja!" Boke akavua kopo akakimbia. Mwalimu hakutaka mchezo ukatike. Akatazama nani hana kazi.

"Nyar Kendu, wewe ndiwe mtumbwi sasa."

Kopo likaja shingoni kwangu bado lina joto la Boke. Nikasogea kwa Ouma, ambaye siku hiyo alikuwa mpakiaji wa lori. Alipaswa kuuliza kila mtumbwi uzito wa samaki wake, ajumlishe, ajue lori limejaa au bado.

"Uzito?" akauliza.

Nikaingiza vidole ndani ya kopo. Karatasi ya jina. Karatasi ya saa ya kufika. Nikapindua kopo. Hamna kingine.

"Uzito, nyar Kendu. Lori linangoja."

"Sina," nilisema.

"Hujasikika!"

"Sina."

Walicheka. Ouma akapiga kofi paja lake. "Mtumbwi huu umeleta maji!" Mwingine akaniambia kwa kunong'ona, kwa wema kabisa, "Sema mia na ishirini, Boke alipimwa mia na ishirini." Uso wangu uliwaka. Ningeweza kuisema hiyo mia na ishirini na mambo yangekwisha, na nilitaka sana yaishe. Lakini koponi haikuwemo, na mimi sikuwepo Boke alipopimwa, nilikuwa ng'ambo nikifagia. Nilisimama tu na kopo lililopinduliwa.

"Nyamazeni," alisema Mwalimu.

Akaja, akachukua kopo langu, akatazama ndani. Akaenda kwa mtumbwi wa pili, akatazama ndani ya kopo lake. Wa tatu. Wa nne. Alikuwa akienda polepole zaidi kila mara.

"Wewe," akamwambia mvulana wa kidato cha kwanza, "ukiulizwa uzito, unausoma wapi?"

"Kichwani, Mwalimu."

"Na wewe?"

"Nakumbuka tu. Mpimaji akisema, nakumbuka."

"Jumamosi zote hizi?"

Ouma ndiye aliyejibu, na hakuwa anatania: "Tulikuwa tunakusaidia, Mwalimu. Tuliona hakuna pa kuusoma. Tukaona ni vibaya kukwamisha kazi yako."

Mwalimu akatoa maagizo yake mfukoni, zile karatasi alizokunja na kukunjua mpaka zikawa laini kama kitambaa, akasoma kwa kidole. Mpimaji huchukua sleti. Mpimaji huandika uzito. Mpimaji huhesabu muda wa kupima. Mpimaji hufuta sleti. Basi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kabla ya kufuta, uzito utiwe koponi. Aliuweka uzito mahali panapokufa kazi ya kupima ikiisha, na lori lilikuja kuutafuta baadaye, na ulikuwa umekwisha kufa. Wenye vichwa waliubeba kwa heshima kutoka mizanini hadi kwenye lori ili mwalimu wao asiaibike.

Alikaa chini. Palepale mchangani, na koti lake.

"Mashine haingenisaidia," alisema. Hakuwa anatuambia sisi. "Mashine haina adabu. Ningesimama mbele ya wale watu, ikafika kwenye lori, na ingesema alivyosema huyu."

Mpishi aliinuka kwenye ndoo yake. "Sasa kazi imeharibika?"

"Ni mstari mmoja tu, mama."

"Basi uandike, mtu mzima usikae kwenye vumbi."

Akauandika. Tukaigiza tena, na safari hii alikataza mtu yeyote kukumbuka, jambo gumu kuliko unavyodhani. Kila baada ya kupima, tulibadilishana makopo na mtu ambaye hakuwepo, ili kila mmoja awe mjinga kama mimi. Majibu yalilingana. Hakunishukuru. Nafikiri hakujua kama kuna la kushukuru, na mimi nilifurahi hivyo, kwa sababu angefanya hivyo mbele za watu.

Akaenda Nairobi. Muhula ukafungwa kabla hajarudi, nasi tukatawanyika bila kujua.

Ndipo ikafika juzi. Nilikuwa Homa Bay na mama, tumekuja kwa samaki. Meli ya Kisumu ilikuwa imefunga gatini na watu wanapandisha mizigo. Nilimwona kwanza kwa koti. Alikuwa ameketi juu ya sanduku la mabati, peke yake, akiitazama foleni ya mizani. Mizani bado ni moja.

Ningepita. Mama ndiye aliyenishika mkono. "Si yule mwalimu wako? Huna salamu?" Akanivuta mpaka pale. "Japuonj, *oyawore*," akamwamkia.

"Oyawore ahinya, mama." Akaniona. "Ah. Nyar Kendu."

Mama alikwenda kwenye samaki wake, akaniacha nimesimama. Nilijua jambo moja tu la kuuliza, na lilinichukua muda kulitoa. "Wamekuchukua, Mwalimu?"

"Wamenichukua," alisema, lakini hakuchangamka. Akanieleza. Walisoma maagizo yake wakayasifu, hawakupata kosa. Halafu wakamwambia mashine yao haiijui lugha ile. Yao ni lugha nyingine. Ndani yake kila kitu hupewa mahali pake kabla kazi haijaanza na hukaa pale pale mpaka mwisho, kinahitajika au hakihitajiki. Hakuna sleti. Hakuna nyuzi. Gati la Homa Bay kama alivyolijenga haliwezi kuingia humo. "Niliwauliza, na mitumbwi ikizidi mahali mlipoweka? Wakasema, basi unaanza upya na kuweka mahali zaidi."

"Sasa?"

"Sasa nitajifunza ya kwao. Kuna darasa, linaanza Jumatatu. Vijana waliomaliza kidato cha nne juzi juzi, na mimi." Alisugua goti. "Mwalimu wao ni kijana. Niliingia siku ile kuwatazama. Aliuliza swali, wakainua mikono wote. Mimi sikujua jibu, nyar Kendu. Nilisimama ukutani na koti langu, nikimwomba Mungu yule kijana asinitazame."

Meli ikapiga honi. Wapagazi wakaanza kupiga kelele watu wapande. Hakuinuka.

"Nikuulize," alisema. "Wewe darasani ulikuwa husemi. Miaka miwili. Ulifanyaje mpaka hukuulizwa?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo, na ndilo jambo pekee ninalolijua kuliko wengine.

"Kaa karibu na mlango," nilimwambia. "Mwalimu akitafuta wa kumwuliza hutazama mbele, halafu nyuma kabisa kwa watundu. Mlangoni hufika mwisho. Na uwe na kitu cha kuandika, uiname, lakini usiiname sana. Akikukuta hata hivyo, mwambie hujui, upesi, kabla hawajageuka kukutazama. Ukichelewa ndipo wanacheka."

Alisikiliza kama alivyokuwa akitaka sisi tumsikilize. Midomo yake ilikuwa inayarudia.

"Karibu na mlango," alisema.

"Upande wa bawaba. Upande wa pili upepo unarusha karatasi."

Akacheka, akainuka, akashika mpini wa sanduku. Kisha uso wake ukatulia tena, na nikaona kwamba bado anaogopa. "Na mtu akikaa hapo," aliniuliza, "anajifunza kitu?"

"Mimi nilijifunza, Mwalimu."